Lusina na Uvimbe wa Shingo ya Mbuzi

[MUZIKI WA KUFUNGUA, UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI: Leo naongea na wanaofuga mbuzi wa kufungwa kamba.

Mbuzi wetu wa nyuma ya nyumba alianza kunyonyoka manyoya. Halafu akazaa watoto wawili: mmoja mfu, mwingine dhaifu, ana uvimbe kooni. Majirani wakasema ni jicho la watu. Mama akataka kumuuza kwa mchinjaji. Kumbe kosa lilikuwa langu. Mjini nyasi ni shida, basi kila siku nilimkatia lusina ya kando ya barabara, na hakupata kingine.

Lusina ni chakula kizuri, kina protini nyingi. Lakini ndani ya majani yake mna sumu iitwayo mimosini, na hiyo ndiyo inayonyonyoa manyoya. Ikifika tumboni, vijidudu vya humo huigeuza kuwa sumu nyingine, ambayo huizuia tezi ya shingo kutumia madini ya iodini. Bila iodini tezi haiwezi kutengeneza homoni inayouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani: kukua, kupata joto, kulea mimba. Ubongo ukiona homoni imepungua, huisukuma tezi ifanye kazi zaidi. Tezi inavimba, homoni haitoki. Mbuzi anakonda.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa sikilizeni ajabu hii. Kule Hawaii mbuzi walikula lusina bila kudhurika, ila ng'ombe wa Australia waliugua. Mtafiti Raymond Jones wa Australia alihisi kwamba tofauti iko tumboni. Miaka ya 1980 vijidudu vya tumbo la mbuzi wa Hawaii vilipelekwa Australia, wanyama wakapewa, na sumu ikavunjwa. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Sisi hatujui mbuzi wetu ana bakteria huyo au hana. Kwa hiyo pimeni kwa mikono: kati ya mafungu matatu ya majani, lusina isizidi fungu moja. Mengine yawe nyasi, majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi. Mwenye mimba mpunguzieni zaidi. Mbuzi anayetembea huchagua mwenyewe, huyu wa kamba anategemea mkono wako. Na wapenzi wa sombe, majani ya muhogo nayo yana sumu inayosumbua tezi hiyohiyo. Yaanikeni juani kwanza.

Shingo ikishavimba, mwiteni daktari wa mifugo. Chumvi ya madini peke yake haiondoi sumu ya lusina.

Wa kwetu hakuuzwa. Tulimbadilishia chakula, na manyoya yakaanza kuota tena. Yule mtoto mwenye uvimbe hakupona.

[MUZIKI WA KUFUNGA]