Picha mbili, mwili mmoja: Jinsi kompyuta inavyozioanisha

Mgonjwa ametoka Bungoma alfajiri, akapanda matatu hadi Eldoret, akapiga foleni mpaka saa sita mchana. Anapoingia kwa daktari, swali la kwanza ni hili: "Mama, ile picha uliyopigwa mwaka jana iko wapi?"

"Iko nyumbani, daktari. Nilidhani imekwisha kazi."

Wengi wetu tungejibu hivyo hivyo. Twaamini kwamba picha ya eksirei au ya skani ikishasomwa na ripoti kuandikwa, basi ni ya kutupwa juu ya kabati. Kumbe picha ya zamani ndiyo inayoipa picha mpya maana. Daktari anataka kujua jambo moja: je, uvimbe umekua, umepungua, au uko vile vile? Jibu hilo laweza kuamua iwapo mgonjwa atapasuliwa, atabadilishiwa dawa, au ataambiwa arudi baada ya miezi sita.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayelala kwenye mashine kwa namna ile ile mara mbili. Leo kichwa kimeinama kidogo, mwaka jana kilikuwa wima. Leo amevuta pumzi hadi mwisho, mwaka jana alivuta nusu.

Mfano wa muwa

Chukua muwa wenye unene wa sentimita 3. Ukiukata wima kabisa, utapata duara la sentimita 3. Ukiukata kwa kuulaza kisu nusu pembe mraba, utapata umbo la yai lenye urefu wa zaidi ya sentimita 4. Muwa haukunenepa. Kilichobadilika ni kisu.

Skani ya CT na ile ya MRI huuonyesha mwili vipande vipande, kama muwa uliokatwakatwa. Uvimbe ulio mrefu kiasi, ukikatwa kwa mshazari, waweza kuonekana umekua ilhali ni kichwa tu kilichoinama. Kinyume chake ni hatari zaidi: uvimbe uliokua kweli waweza kuonekana haujabadilika.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Kazi yake ni kuichukua picha mpya na kuisogeza mpaka ikae sawasawa juu ya ile ya zamani, pua juu ya pua, mfupa juu ya mfupa.

Kompyuta hufanyaje?

Kwa kiungo kigumu kama kichwa, kuna njia sita tu za kusogea: kushoto au kulia, mbele au nyuma, juu au chini, na kuzunguka kwa namna tatu, yaani kuitikia, kukataa na kulaza kichwa begani. Kompyuta hujaribu kidogo kidogo, kila mara ikijipa alama. Alama zikipanda, inaendelea upande huo. Zikishuka, inarudi nyuma.

Picha mbili za aina moja ni rahisi. Kompyuta hutoa moja katika nyingine, na pale zinapofanana hapabaki kitu. Kinachobaki ndicho kilichobadilika.

Kazi ngumu ni kuoanisha picha za aina mbili. Katika CT mfupa mgumu huonekana mweupe, lakini katika MRI huwa mweusi. Kutoa moja katika nyingine hakusaidii. Mwaka 1995 watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji, na wengine wa chuo cha MIT nchini Marekani, walitoa njia ambayo ingali inatumika. Kompyuta hujiuliza: nikijua rangi ya mahali fulani katika picha hii, naweza kubashiri rangi ya mahali pale pale katika ile nyingine? Picha zikikaa sawa, kila penye mfupa mweupe huku pana weusi kule, na kubashiri kunakuwa rahisi. Zikipishana, kila kitu huvurugika.

Mwafrika mmoja ana sehemu katika historia ya picha hizi. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza hesabu za skani ya CT akiwa Cape Town katika miaka ya 1950. Mwingereza Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa jijini London mwaka 1971. Wawili hao walituzwa Nobeli ya tiba mwaka 1979.

Faida kwa mgonjwa wa saratani

Anayetibiwa kwa mionzi huhitaji uoanishaji huu kuliko wengine. CT humwonyesha mtaalamu jinsi mionzi itakavyopenya mwilini. MRI huonyesha vizuri zaidi mpaka wa uvimbe laini, kama ule wa ubongo. Zikioanishwa, mionzi hulenga uvimbe na kuepuka sehemu nzima. Katika mashine za kisasa, mgonjwa hupigwa tena picha akiwa kitandani kabla ya mionzi, nayo ikalinganishwa na ile ya mpango. Kitanda husogezwa milimita chache, kisha tiba inaanza.

Hata hivyo, kompyuta si mganga. Mapafu, matiti na tumbo hujikunja na kujinyoosha, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuivuta picha kama mpira. Ikivuta kupita kiasi, yaweza kuubana uvimbe uliokua ulingane na wa zamani, na hatari ikafichika. Ndiyo maana daktari mwangalifu huzitazama pia picha zenyewe kabla hazijaguswa.

Ufanye nini?

Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodishia hospitali mbili katika kila kaunti vifaa vya matibabu, zikiwemo mashine za kidijitali za eksirei. Kwa hiyo, mkazi wa Kitale au Bungoma aweza kupigwa picha mjini kwake na kusomewa nyingine Eldoret. Picha zake lazima zisafiri naye.

Kwanza, omba nakala ya picha kwenye CD, si ripoti pekee. Faili ya mashine hubeba vipimo halisi vya milimita. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani hupinda pembeni na kupoteza vipimo hivyo.

Pili, filamu usizikunje wala kuzianika juani. Zihifadhi mahali pakavu, zikiwa zimeandikwa tarehe na hospitali.

Tatu, ukipigwa picha, tulia na ufuate agizo la kuvuta na kushikilia pumzi. Ikiwezekana, rudi kwenye mashine ile ile.

Nne, uliza bila haya: "Daktari, mmeilinganisha na ile ya zamani?"

Kurudia skani kwa sababu ya kwanza imepotea ni gharama, na kwa eksirei na CT ni mionzi ya ziada mwilini. Tena picha ya leo haiwezi kuonyesha uvimbe ulikuwa na ukubwa gani mwaka jana. Kabla hujapanda matatu ya Eldoret, hakikisha bahasha ile kubwa umeipakata.