Mwitu Unaolindwa na Kiwavi

Katika uwanja ule ule wa magofu ya Gede, ambako wageni hufika kutazama msikiti na kuta za mji uliohamwa karne nyingi zilizopita, ipo nyumba ambayo wengi huipita bila ya kuingia, na ndani yake wakulima huleta vikasha vyenye vitu vidogo, vingine vya rangi ya majani mabichi na vingine vya rangi ya majani makavu, ambavyo asiyekuwa na habari angevidhania kuwa ni takataka za mwituni. Walakini kila kimoja ni pupa wa kipepeo aliye hai, naye hukaguliwa, akahesabiwa, akakisiwa siku yake ya kutoka, kwa kuwa hana budi kupanda ndege na kuvuka bahari, na kufika katika nyumba za vioo za Uingereza au Marekani kabla hajapasua ganda lake. Nilipoambiwa kwamba sehemu ya ulinzi wa mwitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, imetegemezwa juu ya viumbe hao wasiotimiza urefu wa kidole, jambo hilo lilinishughulisha moyo hata nikaazimia kulifuatia mpaka kwenye chimbuko lake.

Habari za mwitu wenyewe zinajulikana, wala hazihitaji kurefushwa: humo yumo bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi hawakumtambua mpaka miaka ya 1960, na sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana nje ya wilaya hizi za pwani ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, majirani wa mwitu huo walipoulizwa rai yao, zaidi ya nusu walitaka ufyekwe wote wagawiwe mashamba. Hawakuwa watu waovu. Ndovu walikuwa wakitoka usiku na kula mahindi yao, na asubuhi wao wenyewe walikatazwa kuingia kukata mti, basi walikuwa na hoja gani ya kuupenda? Ndipo mwaka 1993 Ian Gordon, mtaalamu wa vipepeo, akishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kwa fedha za awali zilizopitia Umoja wa Mataifa, alipouanzisha mradi ulioitwa Kipepeo.

Aliyenifahamisha kazi hii ya kufuga vipepeo ilivyo ni mama mmoja wa Kigiriama, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye jina lake nalihifadhi, na ambaye mazungumzo yake yote aliyafanya mikono ikiwa kazini. Kizimba chake ni miti iliyosimamishwa na kuzungushiwa chandarua, na ndani yake imepandwa miche ambayo mpita njia angeiona kuwa magugu. Alinieleza kwa saburi, kama mwalimu amwelezavyo mwanafunzi wa hirimu ya chini, kwamba kila kiwavi ana jani lake aliloandikiwa, na ukimpa jingine atakufa kwa njaa huku chakula kimemzunguka: huyu mwenye mistari hataki ila majani ya mlimau na mchungwa na ndugu zao, na yule wa kijani mwenye pembe kichwani hutaka majani ya miti mikubwa ya mwituni. Vipepeo wa jamii hii ya pili, wanaoruka kwa nguvu juu ya vilele vya miti, hawapendi maua. Yeye huwanasa kwa mtego wenye ndizi zilizoiva hata zikachacha, kisha jike huachiwa kizimbani mpaka atage. Mayai huyaokota moja moja kwa ncha ya brashi laini. Viwavi wakiisha kuanguliwa, jani jipya lazima liletwe kabla la zamani halijanyauka, na kinyesi kifagiliwe, na mikono ioshwe, kwani maradhi yakiingia katika kasha moja humaliza kizazi kizima kabla ya jua kuchwa. Fauka ya hayo kuna siafu, na buibui, na mijusi, na nyigu mdogo atagaye mayai yake ndani ya mwili wa kiwavi, ambaye mama huyu alimtaja kwa chuki iliyo wazi.

Hata pupa wakipatikana kazi haijesha, maana huwachambua kama mwenye kuchagua mchele, akiwatenga waliopinda na walioanza kuonyesha rangi ya mabawa, ambao hawataiwahi safari.

Lakini neno alilolirudia mara nyingi kuliko yote ni kwamba kizimba peke yake hakitoshi. Wazazi wapya ni lazima waletwe kutoka mwituni kila baada ya muda, ama sivyo kizazi hudhoofika. Na mbegu za ile miche nazo zimo mwituni. Kwa hiyo, alisema, anayekata mti kule ndani anauchukua mfuko wake wa unga. Hayo ndiyo maneno ya mtu ambaye baba yake, kwa kauli yake mwenyewe, alifariki akiungoja mwitu ule ugawanywe.

Wala hakuna haja ya kumsadiki yeye tu. Katika utafiti walioutoa mwaka 2003, Ian Gordon na William Ayiemba walionyesha kwamba tangu mwaka 1994 hadi 2001 wakulima walikuwa wamekwisha kuchuma zaidi ya dola 130,000, kwamba rai za majirani kuhusu mwitu zilibadilika kwa dhahiri, na kwamba vipepeo wa mwituni hawakuonekana kupungua kwa sababu ya kunaswa.

Pamoja na hayo, riziki hii ina mlango mmoja tu, na ufunguo wa mlango huo uko mbali. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga nyumba za vipepeo za ng'ambo na kuzizuia ndege, viwavi hawakujua kwamba hakuna mnunuzi. Waliendelea kula, wakawa pupa, wakatoka, na mama huyu aliwafungulia chandarua wakaenda zao. Kwa majirani zetu wa Tanzania, wakulima wa vipepeo wa Amani, katika milima ya Usambara, walifungiwa na sheria ya nchi yao wenyewe, pale serikali ilipopiga marufuku mwaka 2016 kusafirisha nje wanyama wa mwituni walio hai, na vipepeo wakahesabiwa miongoni mwao. Mama huyo aliniuliza mtu wa London hulipa kiasi gani kumtazama kipepeo wake, na katika fedha hizo ngapi hurudi Gede. Nami sikuwa na jibu. Aliniuliza tena kama mkata miti ya muhugu, ambaye hana kizimba wala chandarua, atazuiliwa na nini. Hilo nalo nalileta hapa kama lilivyo.

Lililo wazi kwangu ni kwamba mwitu wetu haustahili kuwa mtoto wa kulelewa na wageni peke yao. Hapo hapo jirani, katika mikoko ya Mida, shirika la A Rocha Kenya limeonyesha njia: ada anayotoa mgeni kwa kupita juu ya daraja la mbao husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaokaa kandokando ya mwitu. Basi wenye mahoteli ya Watamu na Malindi, ambao wageni wao huja kwa sababu ya uzuri wa nchi hii, na watenge fungu. Serikali ya Kaunti ya Kilifi nayo na itenge lake. Walimu wakuu wawalete wanafunzi wamwone kiwavi akila, si katika picha ya kitabu. Nawe msomaji, siku utakapofika Gede, usiishie kwenye magofu, bali ingia katika ile nyumba ya vipepeo, ulipe kiingilio chake.