Mtoto anayeumizwa na kelele naye ana haki ya kufurahia Idi



Kila Idi inapokaribia, zipo nyumba ambazo furaha yake huchanganyika na hofu. Humo yumo mtoto ambaye akisikia kipaza sauti huziba masikio na kupiga mayowe. Akivishwa kanzu mpya huivua. Shangazi akimkumbatia humsukuma, na harufu ya pilau humtapisha. Wageni husema mtoto huyu kadekezwa. Wengine husema ana majini. Mwisho wake mtoto huchapwa, au mama hujifungia naye chumbani wakati wenzake wanasherehekea.

Juma hili tuwaangalie watoto hawa, kwani wengi wao hawana utovu wa adabu. Wanaumia.

Ni tatizo gani?

Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo wa watu wengi huchuja habari hizo: baada ya muda mfupi husikii tena feni ikizunguka, wala huhisi lebo ya shati shingoni. Kwa baadhi ya watoto mchujo huu haufanyi kazi sawasawa. Feni, lebo, taa na sauti za watu huwajia zote kwa pamoja na kwa nguvu. Wapo pia walio kinyume chake, ambao hisia huwafikia kwa uchache. Hao hurukaruka, hujigonga ukutani au hunusa kila kitu. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, akakimbia kelele huku akipenda kubanwa kwa nguvu.

Jambo hili si geni kwa waganga. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika habari za watoto wenye hali tunayoiita leo usonji, akataja namna baadhi yao walivyoogopa sauti kubwa. Mwaka 1972 Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani, alitoa kitabu juu ya namna ubongo unavyopanga hisia. Tatizo hili huonekana sana kwa watoto wenye usonji, lakini si kila aliye nalo ana usonji.

Utundu au maumivu?

Mtoto anayelilia kitu hutazama kama unamwona, na akipewa hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa na hisia hajali nani anamtazama, na hata ukimpa zawadi hanyamazi mpaka kilichomzidi kiondoke. Kumchapa ni kumwongezea maumivu juu ya maumivu. Hata hivyo usikisie peke yako. Mpeleke hospitali aangaliwe masikio, meno na macho, kwani mtoto anayeumwa sikio naye huchukia kelele. Kisha uliza kama wapo wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao ni pamoja na kuwasaidia watoto hawa.

Maandalizi ya usafi

Usiyarundike yote usiku wa kuamkia Idi.

(a) Nywele mnyoe siku kadhaa kabla. Kama anaogopa mlio wa mashine, tumia mkasi.

(b) Kucha mkate baada ya kuoga, zikiwa laini. Mwambie kabla: "Sasa tunakata kidole hiki."

(c) Nguo mpya zifue mara mbili au tatu zilainike, kata lebo, kisha azivae nyumbani kidogo kidogo. Akikataa kabisa, avae nguo yake ya zamani iliyo safi. Usafi ndio muhimu, si upya.

(d) Udi na manukato makali yasitumike chumba anachokaa. Moshi wa udi unaweza pia kumbana kifua mwenye pumu. Piko nyeusi isiguse ngozi ya mtoto yeyote, kwani dawa inayochanganywa humo imewababua watoto wengi.

Kwenye sala

Mzoeze takbira nyumbani kwa sauti ya chini wiki moja kabla. Mweleze siku itakavyokuwa kwa mpangilio, au mchoree picha: tutaoga, tutavaa, tutakwenda, tutarudi. Ni sunna kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na mtoto aliyezoea njia moja anaweza kufadhaika. Basi mwambie mapema.

Uwanjani kaeni pembeni, mbali na spika. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa kiasi cha desibeli 6. Kwa watu wazima, wataalamu wengi huweka mpaka wa usalama kazini kuwa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Kwa hiyo hata mtoto asiye na tatizo hafai kukalishwa mbele ya spika. Vile vikinga masikio vya kufunika, wanavyovaa mafundi wa mashine, humsaidia sana, lakini avizoee kwanza nyumbani. Mtoto aliyefadhaika huweza kutoroka ghafla, hivyo mpeni mtu mmoja kazi ya kumwangalia, na namba ya simu iandikwe ndani ya nguo yake. Akishindwa kabisa, mrudishe. Sala ya Idi haijamlazimu mtoto.

Nyumbani

Tengeni chumba kimoja kisicho na wageni, redio wala taa kali, awekewe mto wake na kitu anachokipenda. Mwonyesheni asubuhi kwamba hapo ni pake, aingie wakati wowote. Pasiwe jela ya kumfungia.

Baluni na fataki ziachwe, kwani mlipuko wa ghafla humtia hofu ya siku nzima. Wageni waje wachache wachache. Si lazima nyumba zote kumi zitembelewe siku moja, ndugu wengine watembeleeni siku zinazofuata. Chakula apewe anachokizoea, hata kama ni wali mweupe mtupu. Mkono wa Idi apewe bila kulazimishwa kukumbatiwa wala kubusiwa. Salamu kwa mbali inatosha.

Akizidiwa, punguzeni maneno. Mtoeni kwenye kelele, zimeni taa, kaeni naye kimya. Wengine hutulizwa kwa kukumbatiwa kwa nguvu kuliko kupapaswa, lakini asiyetaka kuguswa aachwe. Asiulizwe maswali mpaka atulie.

Kwa jamaa na majirani

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua uzito anaoupata mama yake. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, je, sisi tutashindwa kupunguza sauti ya muziki wa nyumbani? Badala ya kumwambia mama kuwa hajui kulea, mshikie mtoto kwa nusu saa naye akale na wenzake.

Haya yanahusu pia arusi, khitma, na familia zinazoadhimisha siku ya kuzaliwa ya mtoto. Sherehe ya mtoto ipimwe kwa anachokiweza mtoto. Saa moja ya utulivu na watu watatu anaowapenda ni bora kuliko siku nzima ya shangwe anayoipitisha akiwa ameziba masikio.