Kanuni za Matumizi ya Akili Unde kwa Waandishi wa Majarida ya Fani: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kanuni ambazo, kwa maoni yetu, zingefaa kufuatwa na watu wanaoandikia majarida ya fani kwa kusaidiwa na akili unde. Tunaposema majarida ya fani tuna maana ya yale majarida yanayosomwa na watu wa kazi moja: waongoza watalii, wakulima wa vitunguu na kahawa, wauguzi, mafundi na wengineo. Wengi wanaoyaandikia majarida hayo si waandishi wa kazi. Ni watu wanaoijua kazi yao vizuri lakini hawakuizoea kalamu.

Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, watu hao wamepata msaidizi asiyechoka. Mwenye simu anaweza kuagiza makala ya Kiswahili na kuyapata kabla chai yake haijapoa. Jambo hilo lina kheri yake na lina madhara yake. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao ndio wasomaji wa kurasa hizi, mara nyingi ndio wanaoombwa kuyahariri maandishi ya namna hiyo; kwa hiyo inafaa tukubaliane jinsi ya kuyapokea.

Tumechagua Karatu na Ngorongoro kuwa mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, Karatu ndio mji wa mwisho mkubwa kabla ya lango la Loduare, na watu wengi wa huko huishi kwa kazi ya utalii, kazi ambayo mtaji wake mkubwa ni maelezo. Pili, ni sehemu chache sana za Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali zimekaribiana kama huko. Mahali penye maneno mengi hivyo ndipo kosa la lugha linapoonekana upesi.

Jina la chombo chenyewe

Kabla ya kuzitaja kanuni, hatuna budi kulitazama jina. Maneno matatu yanashindana hivi sasa. Lipo "akili bandia", ambalo limeenea sana nchini Kenya. Lipo "akili mnemba", ambalo wasomaji wa magazeti ya Tanzania wamelizoea. Na lipo "akili unde", ambalo sasa husikika katika hotuba na maandishi mengi ya serikali.

Sisi tumetumia "akili unde" katika makala haya. Neno hilo linatokana na kitenzi "kuunda", nalo linaeleza bila kulaumu kwamba kitu hiki kimetengenezwa na watu. "Bandia" lina kasoro moja: katika matumizi ya kila siku limeshikamana na udanganyifu, kama katika noti bandia na dawa bandia. Hata hivyo hatumkatazi mtu kutumia neno alilolizoea. Tunaloomba ni kwamba asiyatumie yote matatu katika makala mamoja, msomaji akadhani ni vitu vitatu.

Inafaa pia kueleza kwa ufupi jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, maana kanuni zote zinazofuata zinatokana na hapo. Mashine hii haifungui kamusi wala haiendi maktaba kama mtu. Imepitishwa katika maandishi mengi mno, nayo hukadiria ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kulifuata jingine. Hata inapopewa nafasi ya kutafuta habari katika intaneti, jibu lake huandikwa kwa njia hiyo hiyo. Basi kilichoandikwa mara nyingi huwa na nguvu kuliko kilicho kweli. Aidha, kwa kuwa maandishi ya Kiingereza ni mengi kuliko ya Kiswahili, sentensi zake za Kiswahili mara nyingi huvaa umbo la Kiingereza.

Hatari ya kwanza: majina

Tuchukue jina la bonde mashuhuri la Oldupai. Katika Kimaasai, oldupai ni mmea unaofanana na mkonge, unaoota kwa wingi katika bonde hilo. Mwaka 1911 Mjerumani aitwaye Wilhelm Kattwinkel alifika huko, na jina likaingia katika vitabu vya Ulaya kwa makosa: Olduvai. Mwaka 1959 Mary Leakey alipofukua huko fuvu lililoutangaza ugunduzi wao duniani kote, jina hilo la makosa likaenea pamoja na fuvu. Siku hizi maandishi mengi ya Tanzania hutumia Oldupai, lakini vitabu vya nyuma havikufutika.

Mashine iliyosoma vitabu hivyo itaandika nini? Mara nyingi itaandika kile ilichokikuta zaidi. Kosa la sikio la mtu mmoja lilihitaji zaidi ya nusu karne kusahihishwa, ilhali lilikuwa likinakiliwa kwa mkono na kwa matbaa. Leo kosa kama hilo laweza kunakiliwa mara elfu kwa siku moja. Vivyo hivyo, mashine huweza kuzihamishia Oldupai zile nyayo za kale zipatazo umri wa miaka milioni 3.6, ambazo kundi la Mary Leakey lilizitangaza mwaka 1978. Nyayo hizo zilipatikana Laetoli, kusini ya Oldupai. Mahali pote pawili pamo katika eneo la Ngorongoro, na ndiyo sababu kosa hilo halistushi mpaka lisomwe na mwenyeji.

Hatari ya pili: istilahi za sheria

Hatari hii ni kubwa zaidi. Katika lugha ya mtaani, "hifadhi" ni neno moja linalotosha mahali popote penye wanyama. Katika sheria sivyo. Serengeti ni hifadhi ya taifa, na katika hifadhi ya taifa watu hawaishi wala hawachungi. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti kwa sheria ya mwaka 1959, ikawa eneo la hifadhi ambamo wafugaji, wanyamapori na utalii viliruhusiwa kuwapo pamoja. Ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,292. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongeza sababu za utamaduni. Kando ya hayo kuna mapori ya akiba, mapori tengefu na maeneo ya hifadhi ya jamii, na kila moja lina masharti yake.

Mwandishi akiiambia mashine impe makala juu ya "Hifadhi ya Taifa ya Ngorongoro", itampa, tena kwa ufasaha. Lakini kwa neno hilo moja, "taifa", atakuwa amewaondoa watu wote wa Ngorongoro katika karatasi yake.

Wala jambo hili si la nadharia tu. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimekwenda kukaa Msomera, wilayani Handeni. Serikali husema wamehama kwa hiari. Baadhi ya wakazi na mashirika ya haki za binadamu husema wamehamishwa. Baina ya "kuhama" na "kuhamishwa" kuna silabi moja, na ndani ya silabi hiyo mna mjadala mzima. Makala haya si mahali pa kuuamua mjadala huo. Tunasema tu kwamba mwandishi anayeliweka mojawapo ya maneno hayo ni lazima ajue kwamba ameliweka na kwa sababu gani. Akimwachia mashine uchaguzi huo, atakuwa ametia saini maoni ambayo hakuyafikiri.

Hatari ya tatu: lugha za wenyeji

Wilayani Karatu husikika Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya lugha za Kikushi. Kidatoga, ambacho pamoja na Kimaasai cha Ngorongoro ni cha Kiniloti. Na kandokando ya Ziwa Eyasi, Kihadza, lugha yenye sauti za vidoko ambayo wataalamu wengi sasa hawaihesabu kuwa na jamaa yoyote. Wanaokisema Kihadza hukadiriwa kuwa yapata elfu moja tu. Maandishi ya Kihadza ni machache mno kuweza kuifunza mashine.

Hata hivyo mashine ikiulizwa jina la mti kwa Kihadza aghalabu haikiri kwamba haijui. Hujibu kwa ufasaha ule ule inaojibia swali la hesabu. Mwandishi akilichapisha jibu hilo, mwingine atalinukuu, na kesho litakuwa "neno la Kihadza" ambalo Mhadzabe hakulisikia kamwe. Lugha kubwa huweza kustahimili maneno kadhaa ya uzushi. Lugha ya watu elfu moja haiwezi.

Je, tukataze kabisa?

Wako wanaotaka msaada huu upigwe marufuku. Hatukubaliani nao. Mtu aliyeshuka kreta kwa miaka ishirini, anayejua faru hujificha wapi mvua inyeshapo, huenda aliishia darasa la saba na huona haya kumpelekea mhariri maandishi yake. Mashine ikimsahihishia tahajia na kumpangia aya, elimu yake itafika kwa wenzake. Tukiikataza, watakaoendelea kuandika ni wale wale waliozoea kuandika. Kinachotakiwa ni kuitenga kazi ya mashine na kazi ya mtu.

Kanuni tunazopendekeza

1. Mwandishi ni mtu. Jina la mashine lisiwekwe kamwe mahali pa jina la mwandishi. Jarida la Nature lilitangaza msimamo huo mwezi Januari 2023, na majarida mengi yakafuata, kwa hoja kwamba mashine haiwezi kuwajibika. Anayetia jina lake hubeba kila neno.

2. Matumizi yatamkwe. Chini ya makala paandikwe, kwa mfano: "Mwandishi alisaidiwa na akili unde kusahihisha tahajia na kufupisha. Habari zote ni zake." Sentensi mbili zinatosha. Kusahihisha herufi tu hakuhitaji maelezo marefu. Kutungiwa aya kunahitaji.

3. Habari zitoke kwa mtu, lugha iweze kusaidiwa. Mwandishi aanze kwa kuandika anachokijua, hata kama ni kwa sentensi zilizovunjika, ndipo aombe msaada. Asianze kwa kuiuliza mashine ajue nini.

4. Kila jina, mwaka na kipimo kithibitishwe nje ya mashine. Kuiuliza mashine ile ile mara ya pili si uthibitisho.

5. Istilahi za sheria ziandikwe kama zilivyo katika sheria. Istilahi za taaluma zifuate kamusi na orodha za Baraza. Penye neno la kazini na neno la kitabuni, yatajwe yote mara ya kwanza. Kwa mfano, waongoza watalii husema "kreta" na wanajiografia huandika "kasoko". Mwandishi aweza kuandika "kreta, yaani kasoko", kisha akaendelea na mojawapo.

6. Maneno ya lugha za wenyeji yapatikane kwa wasemaji wenyewe, nao watajwe wakiridhia. Mwandishi asiyempata msemaji aliache neno hilo.

7. Siri za watu zisiingizwe katika mashine. Majina ya wageni, maradhi yao, hati za kusafiria, na masimulizi ambayo mzee ameyatoa kwa sharti, vyote vibaki nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapa.

8. Picha iliyoundwa na mashine isichapishwe kana kwamba ni picha iliyopigwa. Anayejifunza kumtambua mnyama kwa picha ya uongo atawafundisha wageni uongo.

9. Mhariri naye afungwe na kanuni hizi. Asimhukumu mwandishi kwa kutegemea programu za kutambua maandishi ya mashine, maana hukosea, na aliyeonewa hana pa kujitetea. Njia bora ni ya zamani: amwite mwandishi, amwombe aeleze kwa mdomo alichoandika. Aliyeyajua atayaeleza.

Istilahi zinazopendekezwa

agizo: maneno ambayo mtu huipa mashine ili imtengenezee jibu.

rasimu ya mashine: maandishi kama yalivyotoka katika mashine, kabla ya mtu kuyahakiki.

uzushi wa mashine: habari isiyo ya kweli ambayo mashine huitoa kwa umbo la habari ya kweli. Wengine husema "njozi". Sisi twaona njozi ni ya mwenye kulala, na mashine hailali.

tamko la matumizi: maelezo mafupi ya mwandishi kuhusu msaada alioupata.

picha unde: picha iliyotengenezwa na akili unde.

Hitimisho

Mwongoza watalii akisimama ukingoni mwa kreta, wageni humwamini kuliko kitabu, kwa sababu yeye yupo na kitabu hakipo. Alilolisoma katika jarida la fani yake mwezi uliopita atalisema leo kwa watu sita, na kesho kwa sita wengine, kwa msimu mzima. Kwa njia hiyo jina moja lililokosewa mwaka 1911 liliizunguka dunia. Kanuni tulizozitaja hazitazuia kila kosa, lakini kila kosa litakuwa na mtu wa kuulizwa.

Tunawaomba wasomaji, hasa walio Karatu, Ngorongoro na Mbulu, watuletee maoni yao juu ya kanuni hizi na istilahi zilizopendekezwa, pamoja na mifano ya makosa waliyokutana nayo katika maandishi ya kazi zao.