Leseni za Antivirusi katika Ofisi za Kanisa: Sehemu ya Uwakili Wetu



Paroko anapohamishwa huandikwa hati ya makabidhiano. Humo huorodheshwa vikombe vya Misa, kasula, viti, pikipiki, mifugo, salio la benki na madeni. Katika parokia moja niliyowahi kupokea, hati hiyo ilikuwa nadhifu hadi idadi ya vijiko. Kuhusu kompyuta ilikuwa na maneno mawili tu: “Kompyuta tatu.”

Wiki ya tatu tukaelewa kilichokosekana. Flashi iliyotoka kuchapisha ratiba kwenye steshenari ya mjini ilichomekwa katika kompyuta ya katibu, na muda si mrefu mafaili yakatoweka, yakabaki majina yasiyofunguka. Alama ya antivirusi ilikuwapo pale pale pembeni mwa kioo, lakini leseni yake ilikuwa imekwisha miezi minane kabla. Ufunguo wa kuihuisha ulikuwa katika barua pepe binafsi ya katibu wa zamani, aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine. Fundi aliyarudisha mafaili mengi, ila orodha ya watoto wa Kipaimara haikurudi. Tuliinakili upya kutoka katika madaftari ya makatekista wa vigango, kazi ya siku kumi na mbili.

Hakuna aliyeiba wala aliyekusudia ubaya. Tulikuwa na mali ambayo hakuna aliyejua kwamba ni mali.

Leseni ni nini?

Anayenunua antivirusi hanunui programu iwe yake milele. Ananunua ruhusa ya kuitumia katika idadi fulani ya kompyuta na kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja. Ndani ya muda huo mtengenezaji huleta kupitia intaneti taarifa za virusi vipya vinavyogunduliwa kila siku. Muda ukiisha, programu nyingi hubaki kwenye kioo lakini huacha kupokea taarifa hizo. Ni mlinzi aliyeketi langoni na sare yake, asiyewajua tena wezi wapya.

Masharti ya leseni nayo yana uzito. Antivirusi nyingi za bure zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi ya nyumbani, si kwa ofisi, shule au zahanati. Leseni ya kompyuta tano haifai kuwekwa katika kompyuta saba, hata kama wakati mwingine mashine inakubali.

Kwa nini jambo hili ni la Kanisa?

Sheria ya Kanisa inamtaka msimamizi wa mali za Kanisa afanye kazi yake kwa bidii ya baba mwema wa familia, azuie mali zisipotee wala kuharibika, na azishike pia sheria za nchi (kanuni ya 1284). Kabla hajaanza kazi, inataka iwepo orodha sahihi ya mali anazokabidhiwa (kanuni ya 1283). Tena kanuni ya 220 inalinda sifa njema na faragha ya kila mtu.

Kompyuta ya parokia ina majina ya waliobatizwa, michango ya zaka, na wakati mwingine habari za ndoa zenye matatizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za imani ya mtu na taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na inamtaka anayezitunza aweke ulinzi unaofaa. Waamini walituamini walipotupa majina yao. Leseni iliyokufa ni mlango tulioacha wazi mbele ya amana yao.

Namna ya kuzisimamia

Kwanza, tengenezeni daftari moja. Kila kompyuta iwe na mstari wake: ipo ofisi gani, anaitumia nani, ina antivirusi gani, leseni inaisha tarehe ngapi, ilinunuliwa wapi, na risiti ya EFD imehifadhiwa wapi. Daftari hilo liingizwe katika hati ya makabidhiano pamoja na vikombe na viti.

Pili, leseni iwe ya ofisi, isiwe ya mtu. Iandikishwe kwa barua pepe ya parokia au ya taasisi. Nywila iandikwe, ifungwe katika bahasha na kuwekwa kwenye sefu, na nakala nyingine itunzwe na mtunza hazina wa jimbo. Sisi mapadre huhamishwa, makatibu huolewa au hupata kazi kwingine. Ofisi hubaki.

Tatu, nunueni kwa pamoja. Taasisi yenye kompyuta kumi na mbili inayonunua leseni moja moja kila mashine inapolalamika itajikuta na tarehe kumi na mbili za kumalizika, na hakuna atakayezikumbuka zote. Mkataba mmoja wa kiofisi huwa na tarehe moja. Huwa pia na ukurasa mmoja wa usimamizi unaoonyesha kompyuta zote. Katika Jimbo Kuu la Mbeya, ambalo parokia zake zinaanzia Kyela kwenye Ziwa Nyasa hadi Chunya, mtaalamu aliyeketi mjini anaweza kuona kwamba kompyuta fulani ya Chunya haijapokea taarifa mpya kwa wiki tatu, akapiga simu kabla ya madhara. Vivyo hivyo kwa Iringa mjini na misheni zake za vijijini. Parokia yenye bando dogo ipangiwe siku ya kupokea taarifa hizo, isiachwe bila kuzipokea.

Nne, rudisheni leseni za kompyuta zilizokufa. Mashine ikiharibika au kuibiwa, jina lake liondolewe katika ukurasa wa usimamizi ili nafasi yake ipewe mashine mpya. Ikiwa mashine tatu kati ya kumi na mbili ziko stoo, robo ya fedha ya waamini inalinda vumbi.

Tano, ingizeni gharama katika bajeti ya mwaka. Kamati ya Fedha ikumbushwe siku sitini kabla ya leseni kuisha, ili pawe na muda wa kuomba bei, kulinganisha na kulipa.

Parokia yenye kompyuta moja au mbili isivunjike moyo. Windows 10 na Windows 11 zina kinga yake ya ndani, Microsoft Defender, isiyohitaji leseni ya pekee mradi Windows yenyewe ni halali. Ihakikishwe tu kwamba imewashwa na inasasishwa. Wala msiweke antivirusi mbili pamoja, kwani hugongana na kuichosha mashine.

Programu “iliyokrakiwa”

Wapo vijana wema wanaojitolea kutuwekea antivirusi bila malipo kwa ufunguo wa magendo. Tuwashukuru kwa moyo wao, lakini tukatae. Amri ya saba haikomei kwenye kuku na mahindi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta. Tena fikirini: maelekezo ya kuweka programu hizo mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime kwanza kinga ya kompyuta. Mgeni anayeomba mbwa afungwe kabla hajaingia, mwenye nyumba hujiuliza anakuja kufanya nini.

Mpaka wa antivirusi

Leseni hai haitoshi peke yake. Mnamo tarehe 12 Mei 2017 kirusi WannaCry kilianza kufunga mafaili katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza ziliahirisha huduma. Marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa na Microsoft tangu Machi, ila wengi hawakuyapokea. Windows 10 nayo iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine hizo zinahitaji mpango wake. Wekeni nakala rudufu kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Na vitabu vya Ubatizo na Ndoa viendelee kuandikwa kwa wino. Ni madaftari ya wino yaliyotuokoa mwaka ule.

Katika Injili ya Luka sura ya 16, wakili anaitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Paroko, mkuu wa shule au mganga mfawidhi anayesoma makala hii aanze kesho asubuhi kwa swali moja ofisini kwake: leseni zetu zinaisha lini, na ni nani anayejua? Jibu likiwa kimya, daftari lifunguliwe siku hiyo hiyo.