Mguu ulioteguka: Kwisha maumivu siyo kupona



Ndugu msomaji, kila baada ya Alasiri viwanja vyetu hujaa vijana. Ni jambo jema, kwani mwili wenye nguvu humsaidia Muislamu katika ibada na katika kutafuta riziki. Lakini michezo ina majeraha yake, na miongoni mwa yanayotokea sana ni kuteguka kifundo cha mguu, au "enka" kama wanavyoita wanamichezo. Wengi huliona jeraha hili dogo. Hulitibu vibaya siku ya kwanza, kisha hurudi uwanjani mara tu maumivu yanapokwisha. Matokeo yake, kijana wa miaka 20 anabaki na mguu unaopinduka kila akanyagapo kijiwe.

Kuteguka ni nini?

Mifupa ya kifundo imefungwa kwa kano, yaani nyuzi imara zinazoshika mfupa kwa mfupa. Mchezaji anapotua vibaya, unyayo hugeukia ndani, na kano za upande wa nje huvutika kupita kiasi au kuchanika. Damu na majimaji huvuja ndani ya nyama, ndiyo maana mguu huvimba na ngozi kubadilika rangi.

Basi fahamu kwamba katika jeraha hili hakuna mfupa uliohama unaohitaji "kurudishwa" kwa kuvutwa. Kilichopo ni kano iliyochanika, nayo inahitaji kulindwa na kupewa muda iunge.

Siku mbili tatu za mwanzo

Acha kucheza papo hapo. Weka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, kisha pumzisha, na rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa inatosha. Usiweke barafu moja kwa moja juu ya ngozi, kwani huunguza.

Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kupanda juu ya kifundo. Vidole vikipoa au kufa ganzi, umekaza mno, ilegeze. Ukilala, pandisha mguu juu ya mito uwe juu kuliko kifua. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni salama kwa watu wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito asinunue diclofenac bila kumuona mtabibu.

Mama mzazi, najua ukimuona mwanao anachechemea, haraka unabandika maji jikoni umkande, au unatuma aitwe mtu wa kuchua. Katika siku hizi za mwanzo usifanye hivyo. Joto na kuchua huongeza uvimbe. Na kama kuna mfupa uliovunjika, kuvuta mguu huweza kuusogeza ukaumiza mishipa ya damu na ya fahamu.

Umeteguka au umevunjika?

Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Canada, walichapisha vigezo ambavyo hadi leo hutumika duniani kuamua nani apigwe picha ya eksirei. Mtu mzima aende hospitali akiona moja kati ya haya:

- Hawezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea.
- Anaumia sana anapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe wa kifundo, kwenye ncha yake au ukingo wake wa nyuma, upande wa ndani au wa nje.
- Anaumia anapobonyezwa juu ya mfupa wa ubavu wa nje wa unyayo, katikati, au mfupa wa upande wa ndani mbele ya kifundo.

Mtoto msimpime wenyewe nyumbani, mpelekeni. Na mguu uliopinda, wenye jeraha lililo wazi, au wenye vidole vya baridi na ganzi isiyoondoka baada ya kulegeza bandeji, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Udhu na swala

Bendeji ya kuvutika inafungulika, na maji hayadhuru kano. Kama hakuna kidonda, ifungue, osha mguu taratibu, kausha, kisha funga tena. Aliyewekewa plasta ngumu, yaani "hogo", hali yake ni nyingine. Plasta hiyo hairuhusiwi kulowa wala kuvuliwa, na sheria imemuwekea njia ya kupangusa juu yake. Ufafanuzi wake, pamoja na suala la kutayamamu, amuulize imamu wake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni mkao. Tunapoulaza mguu wa kushoto na kuukalia, huvutika kano zilezile za mbele na nje zinazochanika mtu anapoteguka. Na mguu wa kulia tunaousimamisha kwa vidole hukunjwa kwa nguvu. Katika rakaa 17 za faradhi, mgonjwa hurudia mkao huo baina ya sijda mbili si chini ya mara 17 kwa siku. Anayeweza kusimama asimame. Akifika kwenye kikao aunyooshe mguu wenye jeraha, au akalie kiti. Ruhusa ya mgonjwa kuswali kwa kadiri ya uwezo wake inajulikana katika hadithi ya Imran bin Huswain (r.a.). Kuikataa huku unatonesha jeraha si uchamungu.

Mazoezi ndiyo dawa iliyosahauliwa

Kupumzika wiki nzima kitandani hakuponyi. Uvimbe ukianza kupungua, anza kukanyaga taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ukiwa umekaa, chora hewani kwa kidole gumba cha mguu tarakimu 1 hadi 10, mara tatu kwa siku. Baadaye shika ukuta, nyanyua visigino mara 10, pumzika, rudia mara tatu.

Kisha simama kwa mguu ulioumia peke yake, karibu na ukuta, kwa sekunde 30. Ukizoea, fanya hivyo macho yakiwa yamefumbwa. Kano hubeba mishipa ya fahamu inayoueleza ubongo unyayo umekaaje, na kuteguka huidhoofisha. Ndiyo maana mguu usiouma bado hupinduka.

Uchunguzi uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wanamichezo 522 walioteguka. Waliojifanyia mazoezi ya namna hii nyumbani kwa wiki nane, karibu 22 katika kila 100 waliteguka tena ndani ya mwaka mmoja. Wasioyafanya walikuwa 33 katika kila 100.

Lini urudi uwanjani?

Usihesabu siku, pima mguu. Utembee bila kuchechemea, ukimbie moja kwa moja, ugeuke ghafla, kisha uruke kwa mguu huo sawasawa na mwenzake. Ukishindwa hata moja, subiri. Aliyeteguka kidogo huweza kurudi baada ya wiki mbili tatu. Kano iliyochanika sana huhitaji miezi.

Wazazi na makocha, msimkejeli kijana anayesema bado. Mechi ya Ijumaa ijayo itapita, lakini mguu huo ndio atakaoutumia kwenda kazini na msikitini maisha yake yote. Afya ni amana, na amana hutunzwa.

Wabillahi tawfiq.