Ndago haing'oki kwa hasira

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba, kisima na matuta matano ya mboga nyuma ya jiko, huko Chanika, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Nyumba na kisima viliweza kukaa bila ya mtu kwa muda. Matuta hayakuweza, na hilo hatukulitambua mpaka mwenye kuyahudumia alipoondoka.

Alifariki mwezi wa Machi, mvua za masika zikianza. Mama akakaa eda. Hapakuwa na kilichomzuia kutoka uani mwake na kuinamia mchicha wake, lakini moyo haukumpa. Sisi watoto tulikwenda kila mwisho wa juma, tukamsalimu, tukaomba dua, tukala, tukarejea makwetu. Hakuna kati yetu aliyezunguka nyuma ya jiko. Eda ilipokwisha, baada ya miezi 4 na siku 10, Mama alifungua mlango wa uani akasimama kimya. Palipokuwa na bamia, nyanya chungu na mchicha palikuwa pori linalofika magotini.

Msomaji asidhani kuwa hili lilikuwa jambo la mapambo ya nyumba. Kwa miaka mingi mboga ya nyumba ile haikununuliwa sokoni, na kilichozidi kilikwenda kwa majirani. Sasa mjane asiye na mshahara alikuwa akitoa fedha kila jioni kununua kile alichozoea kukichuma mwenyewe.

Kaka yangu ndiye aliyetafuta njia ya mkato. Juma lililofuata alikuja na dawa ya kuua magugu aliyopimiwa dukani, ikiwa imetiwa katika chupa ya soda. Aliiweka kando ya kisima, akaenda kuazima bomba la kupulizia. Mtoto wake wa miaka 4 akaiona chupa ile, na alikuwa akihangaika na kizibo wakati Mama alipomwahi.

Mama hakumpigia kaka kelele. Alimwambia, "Mwanangu, siwezi kuokoa mboga kwa kitu ambacho nusura kiniulie mjukuu. Chukua jembe."

Kaka akachukua jembe, na kwa aibu na hasira akailima bustani nzima siku ile ile. Ilipendeza kuitazama. Wiki 2 baadaye, majani membamba yenye kung'aa yalikuwa yametoka kila mahali, mengi kuliko mwanzo.

KUMJUA ADUI

Jirani yetu mmoja, mkulima wa mchicha wa siku nyingi, ndiye aliyetufumbua macho. Alichimbua jani moja taratibu kwa vidole, akatuonyesha kilichokuwa chini: vinundu vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi za mizizi, kama shanga za tasbihi. Hiyo ndiyo ndago. Ukiikata juu, nundu huchipua upya. Ukilipiga jembe kwa nguvu, unaikata nyuzi, na kila nundu iliyotengana na wenzake huamka na kuwa mche wake. Hivyo kaka hakuwa amepalilia, alikuwa amepanda.

Kila gugu lina tabia yake, na asiyeijua hupoteza jasho. Kishonanguo, kile chenye vijiti vyeusi vinavyong'ang'ania kanzu na baibui, hung'oka kwa wepesi kikiwa kichanga. Lakini mche mmoja ukiachwa ukomae huweza kutoa mbegu elfu kadhaa. Kongwa, yenye maua madogo ya buluu, haina haja ya mbegu peke yake. Kipande cha shina kilichoachwa juu ya udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuanza maisha mapya. Kwa hiyo kishonanguo kinawahiwa kabla ya kuchanua, kongwa inaondolewa bustanini kabisa na kupewa mbuzi au sungura, na ndago inachimbuliwa pamoja na vinundu vyake.

Wala si kila kilichoota bila ya kupandwa ni adui. Mchunga, mnavu na mchicha pori ni mboga zinazoliwa na watu wetu tangu zamani. Mama huziacha pembeni zikue kidogo, kisha huzichuma. Ila asiyeujua mmea kwa yakini asiutie chunguni.

KAZI YA KIANGAZI

Rehema iliyokuwamo katika msiba ule ni kwamba eda ilikwisha mwezi wa Julai, wakati wa ukavu. Ndago huogopa jua likiikuta nje ya udongo. Tulilichimbua tuta moja moja kwa uma wa bustani badala ya jembe, tukitikisa udongo na kuokota vinundu kwa mkono. Vingi hukaa katika sentimita 15 za juu. Tulivitandaza juu ya bati kuukuu mpaka vikakauka na kunyauka. Hatukuvitupa kwenye lundo la mboji, kwa sababu humo vingepata unyevu na kurudi bustanini pamoja na mbolea.

Vilivyobaki ardhini vilichipua, kama tulivyoambiwa. Tulivichimbua tena kabla ya kutimia wiki 3, kwa kuwa nundu hutumia akiba yake kuchipua, na ikinyimwa nafasi ya kukuza majani haipati nguvu ya kuzaa vinundu vingine. Mara ya kwanza tulijaza ndoo. Mara ya nne tulijaza kopo.

KUWAHI KABLA YA KUPANDA

Udongo wa bustani ni ghala la mbegu za magugu, nazo husubiri maji na mwanga tu. Ipo hila nzuri ya kuzitangulia. Andaa tuta kama mtu anayetaka kupanda, limwagilie, kisha usipande. Ngoja siku 10 hadi 14. Magugu yatachipua yakidhani zamu yao imefika. Yaparue kwa jembe dogo, kwa juu juu tu, asubuhi ya siku yenye jua, kisha ndipo upande mbegu zako bila ya kuugeuza udongo tena. Ukiugeuza, utaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala.

Samadi nayo itazamwe. Samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi huja na mbegu za nyasi walizokula. Irundike, iwe na unyevu, igeuzwe mara kwa mara kwa miezi 2 au 3. Lundo lililokaa sawasawa hupata joto kali ndani yake, na joto hilo huua mbegu zilizo nyingi.

Na maji yaende kwenye shina la mboga. Anayemwaga maji kila mahali anaingia katika israfu mara mbili: anapoteza maji, na anamnywesha adui.

KUIFUNIKA ARDHI

Ardhi haikubali kukaa uchi. Usipoivika wewe, itajivika magugu. Baina ya mistari ya mboga tulitandaza nyasi kavu zisizo na mbegu na majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 5 hadi 10, tukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Matandazo haya huzuia mwanga usizifikie mbegu, hutunza unyevu, na baadaye huoza yakawa mbolea. Kwenye vijia tuliweka makumbi ya nazi.

Ndago peke yake hupenya matandazo, kwani ncha yake ni kali. Lakini ina udhaifu mmoja: haivumilii kivuli. Kwa sababu hiyo Mama hakurudi kuyalima matuta yote matano kwa mara moja. Vuli ilipoanza alipanda mchicha na bamia kwenye matuta mawili tu, na yale matatu akayafunika kwa matembele. Mashina ya matembele yalitambaa, majani yakafungana, na chini yake ndago ikadhoofika. Nayo matembele yenyewe ni mboga.

KIDOGO KINACHODUMU

Mboga huumizwa zaidi na magugu katika wiki 4 za mwanzo. Mche ukishafungua majani yake na kuutia udongo kivuli, huweza kujitetea. Vitunguu na karoti ndivyo visivyojiweza, kwa kuwa majani yake ni membamba. Hivyo huhitaji palizi karibu muda wote.

Palizi ya bustani ya nyumbani haihitaji siku nzima. Mama hutoka baada ya sala ya Alfajiri, jua halijawa kali, akiwa na jembe dogo la marehemu. Hukaa robo saa, tuta moja kwa siku. Lenye mizizi mirefu hung'olewa udongo ukiwa na unyevu, na machanga huparuliwa udongo ukiwa mkavu ili jua liyamalize. Tumefundishwa katika dini yetu kwamba amali ndogo yenye kudumu ina mapenzi makubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Sikuwahi kuyaona mafundisho hayo kwa macho mpaka nilipoyaona katika bustani. Siku moja ya hasira ilituzidishia magugu. Robo saa ya kila siku ikayapunguza. Wahenga nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

DAWA NA WATOTO

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Dawa ya kuua magugu haina nafasi katika bustani ndogo iliyo hatua chache kutoka jikoni. Ipo isiyochagua baina ya gugu na mboga, na upepo huipeleka isikokusudiwa. Aliye na shamba kubwa na analazimika kuitumia, asiihamishie kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Ibaki katika chombo chake chenye maelezo, ifungiwe mahali mtoto hapafikii. Ikitokea mtoto ameinywa, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali mara moja pamoja na chombo chenyewe, ili daktari ajue anatibu nini.

Ndago bado ipo katika bustani ya Mama, michache kila wiki. Lakini hanunui mchicha tena, na mafungu yameanza kwenda kwa majirani kama zamani. Tunaomba thawabu yake imfikie aliyeyainua matuta yale.

Aliyeshindwa na bustani yake asiitazame yote. Achague tuta moja, aanze kesho asubuhi, kabla magugu hayajachanua. Na awashirikishe watoto. Yule mjukuu aliyeokota chupa sasa ndiye mshika kopo: anamfuata bibi yake tuta kwa tuta, anaokota vinundu, anavihesabu kwa sauti.